Jioni Baba Mdogo Alipopiga Simu

Mwaka 2019 nilikuwa nasomea shahada ya uzamili katika jimbo la Ohio, Marekani. Maabara yetu ilikuwa ikitengeneza chanjo ya mafua ya nguruwe, ya kupulizwa puani. Tulitumia kitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa. Unaiyeyusha kwenye asidi hafifu, unatia virusi vya mafua vilivyokwisha kuuawa, kisha unadondosha chumvi ya fosfeti taratibu huku mchanganyiko ukikorogwa. Maji maangavu yanaanza kuingia ukungu: chembe za nano, yaani chembe ndogo mno, zimejiunda na kuvifunga virusi ndani. Panga mia moja kwa mstari, hazifikii unene wa unywele.

Kitosani ina chaji chanya, kwa hiyo hunata kwenye ute wa pua. Kinga inajengwa palepale kirusi anapoingilia, tofauti na sindano ya msulini ambayo nguvu yake zaidi iko kwenye damu. Jambo hili nililipenda tangu mwanzo na mpaka leo nalipenda.

Siku ya dozi ya kwanza tulishinda bandani. Mmoja anampakata mtoto wa nguruwe, mwingine anapuliza, tundu hili na lile. Kelele zao zilikuwa bado masikioni jioni, simu ilipoita kutoka Mbozi, Tanzania.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mwanangu, nguruwe wanakufa. Masikio yamekuwa mekundu, hawali. Hiyo dawa yenu ya puani hamuwezi kututumia?"

Ilinibidi nimweleze kwamba yetu ni ya mafua, na dalili zile zilinitia shaka ya homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921 na wakati ule ulikuwa bado hauna chanjo iliyoidhinishwa. Akauliza kwa nini kirusi wa homa hiyo naye asiuawe akafungwa kwenye chembe kama mwenzake wa mafua. Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Nikamwambia wamejaribu: kirusi huyo akiuawa, chanjo yake haimkingi nguruwe. Ana protini zaidi ya 150, na zipi hasa zinaleta kinga ndilo fumbo lenyewe. Bila kulijua hilo, hata chembe nzuri namna gani haina cha kubeba.

Akanyamaza. Kisha akasema kuna mchuuzi yuko getini, anataka kuwachukua waliobaki kwa bei ya kutupa, wakachinjwe usiku huohuo.

"Baba, usimpe hata mmoja. Nyama ndiyo inayoupeleka kijiji cha pili. Muite afisa mifugo, muwafukie nguruwe."

Jasho lake lote la mwaka lilikuwa kwenye lile banda, na mimi nilikuwa namwambia alifukie. Nilimsikia akimwita mchuuzi kwa jina na kumwambia hakuna biashara. Walifukia kesho yake, afisa akiwepo. Ada ya binti yake ya kidato cha pili tulichangishana ndugu mpaka muhula ukaisha.