Unga nusu kilo
Juzi nimeamka unga wa ngano umebaki nusu kilo tu, hela ya kuongezea sina na kodi nayo hiyo inakuja, basi nikafungua Biblia nikakutana na yule mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17, ana konzi ya unga na mafuta kidogo halafu nabii Eliya anamwambia nitengenezee mimi kwanza, jamani nilicheka peke yangu, mimi ningemfukuza 😂 Nikakanda chapati zangu za kuuza hivyo hivyo, saa mbili haijafika zimeisha, na jirani aliyenikopa tangu mwezi wa 3, nilishamsamehe kabisa, huyo anagonga na elfu 15 yangu. Leo nimenunua kilo 5. Mafuta bado ya kupima lakini 🙏