Nilivyozoea kupiga picha Mwanjelwa na Coolpix 950

Kamera yangu ya kwanza ya kidijitali ilikuwa Nikon Coolpix 950, toleo la 1999, niliyoinunua mtumba. Megapikseli 2 tu. Niliitaka kwa sababu moja: ina vipande viwili vinavyozunguka, hivyo lenzi inatazama mbele huku kioo cha kuonyeshea picha kikitazama juu. Unaishika usawa wa tumbo, unainamisha macho kama unahesabu chenji, na hakuna anayejipanga kwa ajili yako.

Shida ilikuwa kuchelewa. Unabonyeza, kamera inahangaika kutafuta fokasi, ndipo inapiga. Wiki za mwanzo pale sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya, nilirudi nyumbani na migongo ya watu. Namwona kijana anatua lumbesa ya viazi, nabonyeza. Kwenye picha gunia liko chini na mwenyewe keshaondoka.

Nikaachana na fokasi ya kujitafutia. Niliifunga kwenye mita mbili hivi, nikazima flashi, zumu nikairudisha hadi mwisho kwa upana. Lenzi ile ni fupi na kihisio chake, kile kinachopokea mwanga, ni kidogo, kwa hiyo vya karibu na vya mbali kidogo vyote vinatoka vizuri. Kilichobaki ni kuchagua mahali penye mwanga na kusubiri watu wapite.

Kioo kinakula betri balaa. Inatumia nne za AA, na baridi ya Mbeya mwezi wa Julai inazimaliza mapema. Nilihamia za kuchaji, seti ya pili nikaiweka mfuko wa ndani wa koti ipate joto. Kadi ya megabaiti 8 ilibeba picha kama 8 za ubora wa juu, basi nilikuwa nafuta palepale sokoni.

Moja sikuifuta. Mama muuza ndizi za Tukuyu anafungua fundo la kitenge kwa meno, noti imechungulia, na mtoto mgongoni amemshika hereni. Nikamsogelea.

"Shikamoo mama. Nimekupiga picha. Itazame, usipoitaka naifuta."

"Marahaba." Akainamia kioo muda mrefu. "Kumbe huyu mjukuu ananivuta hivi! Usifute, mwanangu. Nisafishie moja."

Jumamosi iliyofuata nikampelekea. Akaikunja mara moja, akaifunga kwenye fundo lilelile la pesa.