Kupima mwangwi wa rada ndani ya chumba
Leo hapa Malindi nimemweleza mpwa wangu, anayesomea uhandisi, kwa nini ni vigumu kupima chumbani kiasi cha mawimbi ya rada yanayorudishwa na kitu. Kitu chenye upana wa mita 1, kikipimwa kwa gigahezi 10, huhitaji umbali wa takriban mita 67 ili mawimbi yakifikie yakiwa yamenyooka, yaani uso wake ukiwa bapa badala ya kupinda, na maabara ndefu kiasi hicho ni adimu. Ndiyo maana safu ya antena nyingi ndogo hunivutia mno: kila moja ikirekebishwa nguvu na awamu (yaani wakati mawimbi yake yanapopanda na kushuka), mawimbi ya zote huungana na kunyooka karibu tu na safu yenyewe. Aliniuliza kama ngalawa ya mbao ingeonekana. Nikamjibu kwamba ingeonekana kwa uhafifu, isipokuwa imefungwa kiakisi cha bati mlingotini.