Kidonge cha Saa Mbili Usiku

Leo nimelifungua tena daftari la mama, lile la 1994. Kila ukurasa ana safu mbili alizochora kwa mkono: saa aliyomeza kidonge, na saa aliyotapika.

Melanoma yake, aina ya saratani ya ngozi, ilianzia kwenye unyayo. Doa jeusi tuliliona wote, tukadhani amejigonga. Lilipopata jina, ilikuwa imeshasambaa hadi mapafuni. Akaanzishiwa dawa nne kwa pamoja: dakabazini, kamustini, sisplatini, na tamoksifeni, kile kidonge cha kuzuia homoni wanachopewa wagonjwa wa saratani ya matiti. Mfuko wa dakabazini ulivishwa kitambaa cheusi, maana mwanga huiharibu. Nilikaa chini yake nikihesabu matone. Sisplatini ndiyo iliyomtesa hasa: dripu za maji mfululizo ili figo zisiumie, kutapika usiku kucha, masikio yakimvuma hata nikimwita hasikii.

Kidonge hakikumtapisha. Ndicho alichokipenda. Daktari alitueleza kwamba utafiti wa Italia uliotoka 1992, wa wagonjwa 117, ulionyesha uvimbe kupungua kwa asilimia 28 ya waliochanganyiwa dakabazini na tamoksifeni, dhidi ya asilimia 12 ya waliopewa dakabazini peke yake. Na wanawake ndio walioonekana kunufaika zaidi. Mama alilishika hilo neno "wanawake" kama ahadi aliyopewa yeye.

Juzi binamu yangu, naye ana melanoma iliyosambaa, aliniuliza kwa nini yeye hapewi kidonge kile. Nilimwambia ukweli. Majaribio yaliyofuata hayakuuona ule unafuu. Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya wagonjwa 240: waliopewa zile dawa nne hawakuishi zaidi ya waliopewa dakabazini tu, ila waliteseka zaidi. Yeye anatibiwa kwa nivolumabu, inayoiachia kinga ya mwili iishambulie saratani. Dawa za aina hiyo zilianza kuidhinishwa 2011. Mama hakuzikuta.

Iliniuma kumwambia. Lakini sijamkasirikia daktari yule, alitupa kilichojulikana wakati ule. Kinachonikaba ni yale matapishi ya sisplatini, usiku baada ya usiku, ambayo huenda hayakuwa na haja.

Ukurasa wa mwisho wa daftari una safu moja tu iliyojazwa. Mwandiko umelegea, ila unasomeka: saa mbili usiku, nimemeza.