Nilivyoweza kuchora njia ya elektroni kati ya umeme na sumaku

Kanuni ya Lorentz, ile ya kani inayoisukuma chembe yenye chaji, nilikuwa naijua kwa moyo: kani ya umeme ukijumlisha na kani ya sumaku, basi. Lakini ungeniambia nichore elektroni itapita wapi uga wa umeme na uga wa sumaku (maeneo ambamo kani hizo hufanya kazi) zikikutana kwa pembe mraba, ningekodoa macho tu.

Nikafungua lahajedwali. Uga wa umeme nikauweka volti 10,000 kwa mita, wa sumaku tesla 0.01, elektroni ianze ikiwa imetulia, na kila mstari uwe pikosekunde 10. Hesabu ya kawaida, yaani mchapuko mara muda kisha ujumlishe, ikanipa vitanzi vinavyozidi kupanuka. Nikazima umeme ili sumaku ibaki peke yake. Kasi bado inapanda! Hilo haliwezekani. Kani ya sumaku daima iko pembe mraba na mwendo, kwa hiyo hugeuza tu, haiongezi nishati hata chembe.

Kilichonitoa hapo ni mbinu ya mwanafizikia Jay Boris ya mwaka 1970. Unaisukuma chembe kwa nusu ya kani ya umeme, unauzungusha mwendo wake kwa sumaku bila kugusa kasi, halafu unamalizia nusu iliyobaki. Naipenda kwa sababu kila kani inapewa kazi yake.

Mchoro ukatulia: matao yanayofuatana, kama njia ya kijiwe kilichonasa kwenye tairi linalobingirika. Kila tao lina kimo cha milimita 1.1 hivi na upana wa 3.6, nalo huisha kwa nanosekunde 3.6. Umeme unaivuta elektroni. Kadiri inavyoshika kasi ndivyo sumaku inavyoikunja zaidi, hadi inarudishwa kinyume na mvuto ule na kusimama kabisa. Kileleni hufika mita milioni 2 kwa sekunde. Wastani ni milioni 1, yaani 10,000 gawanya kwa 0.01, tena kuelekea ubavuni mwa nyuga zote mbili!

Nikajaribu protoni. Chaji chanya, nikadhani itakwenda upande wa pili. Wapi! Inasukumwa kinyume na kukunjwa kinyume pia, kwa hiyo inasogea upande uleule kwa wastani uleule, ila matao yake yana kimo cha zaidi ya mita 2.

Mwisho nikaianzisha elektroni kwa mita milioni 1 kamili kwa sekunde kuelekea upande huo. Kani mbili zikafutana, mstari ukanyooka. Mwanafizikia J. J. Thomson alitumia usawa huohuo mwaka 1897 kupima kasi ya miale ya kathodi, yaani mkondo wa elektroni.