Siku moja ya mwalimu wa mwandiko wa kuunganisha herufi: kwa nini tunaanza na "nunua"

Saa 12:30 asubuhi. Rula, penseli, karatasi ya A4. Mistari ya daftari la kawaida haimwonyeshi mtoto wa miaka saba l ipande mpaka wapi wala g ishuke mpaka wapi, kwa hiyo nachora yangu. Vyumba vitatu, cha juu, cha kati na cha chini, kila kimoja milimita 6, kisha milimita 6 tupu kabla ya safu nyingine. Zinaingia safu kumi. Mtoto ataandika nne tu; ya tano huandikwa na mkono uliochoka. Mstari wa kukalia herufi naukoleza, halafu natoa fotokopi.

Saa 2:00. Nyumba ya kwanza, Kisauni, Mombasa. Kabla ya penseli naangalia miguu. Kiti cha mtu mzima kinaiacha ikining'inia, na mtoto anayeyumba huandika herufi zinazoyumba. Kigoda chini ya nyayo kinatosha. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kichwa cha karatasi kinalala kidogo kushoto, na mkono wa kushoto unaishika isiteleze.

Dakika tano za mwanzo ni za ubao na kipande cha chaki cha sentimita 3. Ufupi huo ni wa makusudi: chaki fupi haishikiki kwa ngumi, lazima ikae kwenye ncha za vidole vitatu.

Kisha dakika kumi za karatasi. Herufi zetu sita za kwanza ni a, i, u, n, m, t. Hizo peke yake zinatoa mama, mimi, nini, nani, mtu, mti, tumia, nunua. Vitabu vya kunakili kutoka nje vimepangwa kwa maneno ya Kiingereza, na mtoto anayefikiri kwa Kiswahili anabaki akinakili maumbo tu.

Leo ni nunua, neno gumu kuliko linavyoonekana. n ina mgongo wa mviringo juu na kona chini; u ni kinyume, kona juu na mviringo chini. Mtoto mwenye haraka huviringa kotekote, na neno zima linakuwa mawimbi ya bahari. Kumwambia "andika vizuri" hakumsaidii. Kinachosaidia ni kurudi juu ya mstari ule ule: kwenye n, shuka, panda juu ya ulikoshukia, ndipo upinde, kwenye u, panda, shuka juu ya ulikopandia, ndipo upinde. Kona inapatikana hapo tu. Akimaliza nalifunika neno, nabakiza herufi moja wazi: hii n au u? Akisita, kosa ameliona mwenyewe.

Saa 4:00. Mama wa mtoto mpya anauliza, "Mwalimu, si tungoje kwanza azizoee herufi za chapa, zile zisizoungana?"

"Mama, tusiangalie karatasi, tuangalie mkono." Namwomba mtoto aandike a. Akianzia juu kulia na kuzunguka kushoto, yuko tayari hata kama herufi haipendezi. Akianzia chini, au akichora duara kisha akalibandika kijiti, tungoje, maana herufi ya namna hiyo haina mkia wa kushikana na jirani. Kungoja chapa ni desturi tu. Ufaransa watoto huanza na mwandiko wa kuunganisha mapema kabisa, kwenye daftari lenye mistari mizito kila milimita 8 na myembamba kila milimita 2. Ulalo wa herufi au vitanzi vya l na h si vya kugombania. Kikubwa nyumba nzima ishike mtindo mmoja.

Saa 5:30. Likoni, baada ya feri. Huyu ni mashoto. Karatasi inalala upande wa kulia, na penseli anaishika sentimita 3 hadi 4 juu ya ncha ili aone anachoandika; vinginevyo atakunja kiganja juu ya mstari na kupakaza kila neno.

Kazi yake leo ni "wa". Hapa ndipo Kiswahili kinapodai mpango wake. Herufi nyingi huishia chini, lakini w, o, v na b huishia juu. Kwetu wa, kwa, mwa, ba na vi haziepukiki, huwezi kumaliza sentensi mbili bila kuzigusa, kwa hiyo muungo wa juu tunauingiza wiki ya tatu badala ya kuuacha mwisho. Mkono unatoka juu ya w, unabonyea kidogo, unafika mwanzo wa a, halafu unarudi nyuma kuizungusha. Akishuka mpaka chini, w inasomeka uu. Asiporudi nyuma, a inabaki wazi juu, na wali unakuwa wuli.

Saa 7:00. Chakula, na kusahihisha. Sikati kosa kwa kalamu nyekundu. Naizungushia herufi bora ya kila safu, mtoto ajue ya kuigiza ni ipi.

Saa 9:00. Mkubwa wa miaka tisa, na ng'. Neno huandikwa lote bila kuinua penseli, kisha mkono unarudi kushoto kuweka nukta, vikato vya t na kile kiritifaa cha ng'. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika, na ng'oa bila hicho inakuwa ngoa, neno jingine kabisa. Mikia nayo: maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, na mkia wa irabu ukivutwa mno unaligusa neno linalofuata. Ukomee katikati ya chumba cha kati, na nafasi baina ya maneno iwe ya upana wa a moja.

Saa 11:30 jioni. Fotokopi za kesho: kaka, kuku, kuna. Tumbo la k lifungwe kabla ya mguu kutoka, la sivyo kuku atasomeka huhu.