Deni la taifa: angalia kalenda kabla ya kuangalia trilioni

Deni la Kenya likitajwa, wengi wetu hukimbilia kuuliza limefika trilioni ngapi. Kwangu swali la kwanza ni hili: mradi utaanza kuingiza pesa lini, na mkopo wake utaanza kulipwa lini? Tarehe hizo zikipishana, hata mradi mzuri hugeuka mzigo.

Tazama Menengai, hapa juu ya mji wa Nakuru. GDC, shirika la serikali la kuendeleza jotoardhi, lilianza kuchimba visima vya mvuke wa kuzalisha umeme mwaka wa 2011, kwa pesa za umma na mikopo, ikiwemo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mvuke ukapatikana. Mitambo ya umeme ikaachiwa kampuni tatu za kibinafsi, megawati 35 kila moja, na ya kwanza, Sosian, ikaanza kuzalisha 2023. Miaka yote hiyo riba haikulala, na mvuke uliofungiwa kisimani haulipi mtu. Kuchimba hakukuwa kosa, maana jotoardhi haingoji mvua wala mafuta ya kuagizwa. Tatizo ni ufadhili wa mitambo kujikokota nyuma ya visima.

Piga hesabu: bilioni 1 kwa riba ya asilimia 13 inadai milioni 130 kwa mwaka. Barabara ikikwama miaka miwili kwa sababu wenye mashamba hawajafidiwa, milioni 260 zimeenda kabla lori la kwanza halijapita. Fidia imalizwe kabla mkopo haujatiwa sahihi. Tena mikopo mingi ya nje hutoza ada kwa pesa zilizoidhinishwa lakini hazijachukuliwa. Unalipia pesa ambazo bado ziko kwa mwenyewe!

Halafu kuna sarafu. Juni 2014 Kenya iliuza Eurobond yake ya kwanza, yaani hati za mkopo kwa wawekezaji wa nje, dola bilioni 2, dola ikiwa karibu shilingi 88. Sehemu kubwa ilikuwa ya miaka 10, ilipwe yote kwa mkupuo. Januari 2024 dola ilikaribia 160. Februari serikali ikakopa tena kwa riba ya asilimia 9.75 ili ipunguze deni hilo la 2014, lililokuwa la asilimia 6.875. Mradi unaokusanya shilingi, kama wa maji, usibebeshwe deni la dola. Heri hatifungani ya miundombinu ya hapa nyumbani, yaani hati ya mkopo ambayo serikali huuza kwa shilingi. Nayo ina hatari yake: ile ya Februari 2024 ililipa asilimia 18.46. Serikali ikilipa hivyo, benki ina haja gani ya kumkopesha muuza vipuri wa Kondele, Kisumu?

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na mikopo, katika muda wa kati, igharimie maendeleo pekee. Asilimia hiyo pekee haitoshi, kwa sababu kuanzisha miradi kumi mipya pia huhesabiwa maendeleo. Kwenye kikao cha umma cha bajeti, omba orodha ya miradi iliyokwama: kazi imefika asilimia ngapi, mkandarasi anadai ngapi. Soko lililobakiza paa na stima lipewe pesa kabla ya lile ambalo bado ni mchoro.